Sura ya Tano: Nyumba Isiyo na Ugomvi

Anayekwenda kushtaki ndoa yake, awe amekwenda kwa mjumbe, kwa shehe au kwa mzee wa kanisa, anayajua maneno yatakayompatia kiti. Haachi matumizi. Ananipiga. Ana nyumba ndogo. Mwanamume naye ana yake: mke wangu ana mdomo, kila wiki yuko kwao, ameniharibia jina kwa mama yangu. Maneno haya yana wasikilizaji, yana wazee wa kuitwa, yana hata tarehe ya kikao. Lipo lalamiko jingine, nami nimelisikia Bagamoyo mjini, Zinga, Mapinga, hadi Bunju, ambalo msemaji hulitoa kwa aibu, akihofia kuonekana anakufuru neema. "Mume wangu hana neno. Hanywi, hanipigi, watoto wanakula na wanasoma. Lakini tupo tu."

Ukimuuliza kama anataka kuachika, anashtuka. Aachike kwa lipi? Anampenda. Mume akichelewa kurudi kutoka baharini yeye halali, akipata homa ndiye anayekesha na kitambaa cha maji. Na mume naye, ukimpata barazani hana haraka, atakwambia hayohayo kwa njia yake: mke wangu ni mwema, sina la kumlaumu, ila siku hizi nikiingia ndani nahisi nimeingia nyumba ya watu.

Sura hii ni ya hao. Anayepigwa njia yake inapita dawati la jinsia la polisi, na sitaki mtu yeyote ayachanganye mambo hayo mawili. Aliyejifungua juzi, akaona dunia yote imegeuka giza na hata mtoto hamtamani, huenda ana sonona. Anahitaji hospitali kabla ya mshauri wa ndoa. Wanaobaki ni wengi mno, nao ndio wasiozungumzwa.

Sheria yetu haina pa kuwaweka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya mtu kwenda mahakamani kudai talaka. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama dalili kwamba ndoa imevunjika kabisa: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa, kutengana kwa miaka 3 au zaidi, na mengine ya aina hiyo. Ni sheria iliyofikiriwa, na imewaokoa wengi. Lakini orodha hiyo ni ya mambo yaliyotendeka. Wa "tupo tu" hakutendewa kitu. Kilichompata ni maswali ambayo hayakuulizwa, na hakuna baraza linaloweza kuita shahidi wa maneno ambayo hayakusemwa.

Tuchukue nyumba moja ya Mlingotini, kijiji cha pwani kusini ya Bagamoyo mjini, ambako kina mama wamelima mwani kwa miaka mingi. Nyumba hii nimeijenga kutokana na nyumba nyingi. Mume tumwite Baba Salum na mke Mama Salum, kama wanavyoitana wenyewe.

Baba Salum anavua dagaa. Dagaa wanafuata taa, na taa ina nguvu pale tu usiku ukiwa mweusi, kwa hiyo kazi yake ni ya siku za giza, mwezi unapokwisha na unapoandama. Anatoka magharibi, anarudi alfajiri. Shamba la Mama Salum liko ndani ya bahari, na halifikiki mpaka maji yakupwe sana. Hilo hutokea nyakati za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na katika pwani yetu maji ya bamvua hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Ziweke kalenda hizo mbili pamoja uone. Mwezi unapoandama, giza la mume na bamvua la mke vinaangukia wiki moja. Wiki hiyo mmoja anaingia kulala wakati mwenzake anatoka kwenda kazini.

Alfajiri hiyo inakuwa hivi. Anaingia kwa mlango wa uani, suruali imekauka chumvi, magamba yamemganda kwenye mikono. Maji ya moto yako bafuni tayari. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa, chapati mbili zimefunikwa kwa kawa.

"Pole na kazi, Baba Salum."

"Nimeshapoa. Watoto?"

"Wazima. Salum anadaiwa hela ya mtihani."

"Ngapi?"

Anaambiwa. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa noti zilizolowa, anazitandaza mojamoja juu ya mkeka zipate kukauka. Mke anachukua inayotosha, anaifunga kwenye pindo la kanga. Kufika saa mbili na nusu amejitwika kamba na vigingi, yuko njiani na wenzake, na mume amelala kifudifudi hajavuta hata shuka. Akirudi saa nane, mume yuko pwani anashona nyavu. Jioni wanakutana kwenye sinia pamoja na watoto, na adhana ya magharibi haijapoa mume ameshaondoka.

Hakuna kitu kwenye asubuhi hiyo ambacho si mapenzi. Maji ya moto ni mapenzi. Noti zilizolowa ni mapenzi, tena ya mtu aliyekesha juu ya maji. Na bado katika mazungumzo yao yote hakuna sentensi ambayo mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa asingeweza kuisema. Hela ya mtihani, umeme umekwisha, kuku mmoja haonekani, mjomba anaumwa Kiwangwa. Wanapeana ripoti. Wanaendesha nyumba vizuri kabisa, na ndani ya uendeshaji huo mzuri wamepotezana.

Watu hudhani ugonjwa ni umbali. Basi subiri mwezi ujae. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki, na Baba Salum yuko nyumbani usiku kucha. Watoto wamelala. Wamekaa uani wawili, yeye kwenye kiti, mke kwenye mkeka anachambua mchele wa kesho, redio inawasaidia kuongea. Hapo ndipo unapouona ukimya wenyewe, maana hauna tena kisingizio cha kazi. Mume ana jambo moyoni: akimuuliza mkewe hali yake, huenda akatajiwa kitu asichokuwa na fedha ya kukinunua, na mwanamume wa pwani haoni aibu kubwa kuliko kuombwa na kukosa. Mke naye ana lake: akisema amejisikia mpweke, mume atasikia kwamba analalamikia kipato. Kila mmoja ananyamaza ili kumhifadhi mwenzake. Nimezungumza na wanandoa wengi, na ningetaka msomaji alishike hili kuliko mengine yote ya sura hii: ukimya wa nyumba zenye mapenzi mara nyingi unatokana na huruma. Ndiyo maana haugombezeki, na ndiyo maana unadumu.

Ukipanda kutoka Mlingotini kuelekea Kerege na Mapinga, kwenye nyumba mpya zenye uzio na geti, bahari haina habari tena lakini mambo ni yaleyale. Badala ya giza na bamvua kuna daladala za Makumbusho. Mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazi Dar es Salaam, anarudi saa tatu usiku, na saa moja iliyobaki kila mmoja yuko na simu yake. Mchana walitumiana ujumbe: umekula? Usiku wako chumba kimoja na hakuna anayeuliza.

Huko Marekani, watafiti John Gottman na Robert Levenson waliwafuatilia wanandoa kwa miaka 14, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000. Waliona kwamba kugombana kwa ukali, kwa dharau na majibizano, ndiko kulikobashiri talaka za mapema. Talaka zilizokuja baadaye, watoto wakiwa wamekua na watu wameshaitwa wazoefu wa ndoa, zilibashiriwa na kitu kingine: ukosefu wa furaha ndogondogo katika mazungumzo ya kawaida, kicheko, shauku ya kutaka kujua siku ya mwenzako ilikwendaje. Watu wale hawakuwa wanagombana kwa ukali. Maisha ya Marekani si ya Bagamoyo, lakini nilipoyasoma hayo niliwaona Baba Salum na Mama Salum chini ya mbalamwezi yao. Sisi tumezoea kuipima ndoa kwa kelele. Jirani hajasikia vyombo vikirushwa, basi wale wako salama. Wazee hawajaitwa, basi wale wamejaliwa.

Lakini je, babu zetu walikuwa wakikaa chini na kuambiana yaliyo moyoni? Hapana, na hapa lazima tuwe wakweli. Walikuwa na njia nyingine.

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten. Sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo, ambaye tangu mwaka 1900 alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ukizisoma kurasa zake za posa na harusi, kinachokugusa ni wingi wa watu. Kuna mshenga wa kupeleka maneno. Kuna kilemba cha baba na mkaja wa mama, maana wazazi wote wawili wana haki zao. Kuna kungwi anayemwingiza bibi harusi na kukaa naye fungate nzima. Wawili wanaoana wamezungukwa kila upande. Maneno yao hayalazimiki kusafiri kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine kwa njia iliyonyooka. Yanapita kwa watu.

Mtoro mwenyewe maisha yake yalikwenda kwingine. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, hukohuko Berlin. Mwaka uliofuata walipanda meli kuja nyumbani, na walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni ilikataa wasiteremke. Walirudishwa Ulaya, na Mtoro akaishi Ujerumani hadi alipofariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyeieleza vizuri kuliko wote ndoa inayobebwa na mtaa mzima aliishi katika ndoa ya watu wawili, kwenye jiji lisilo na kungwi wala mshenga. Kila nikimkumbuka namhurumia. Na nyumba nyingi za Kerege na Mapinga leo zimefika palepale alipofikishwa yeye, bila gavana yeyote kuzizuia zisiteremke.

Miaka ya 1960 mtafiti wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, aliishi na kufanya utafiti Bunju, kwenye barabara hiihii ya Bagamoyo, akaandika kwa kirefu juu ya Wazaramo na mafunzo ya mwali. Mwali akivunja ungo aliwekwa ndani, akapewa mwana hiti: kijigogo cha mti kinachoshikika kwa mkono mmoja, kina kichwa na kiwiliwili, hakina mikono, na juu ya kichwa nywele zimechongwa zikasimama. Alikiogesha, alikipaka mafuta, alikilaza. Mikono yake ilizoea kulea kabla ya kuwa na cha kulea. Yapo mengi ya mafunzo hayo ambayo mimi siyataki yarudi; wasichana walitolewa shule na kuozwa wakiwa wadogo, na walifundishwa kuvumilia mambo ambayo hayafai kuvumiliwa. Lakini ndani yake palikuwa na mtu mmoja ambaye hasara ya kumpoteza hatujaihesabu, naye ni somo.

Somo hakuwa mwalimu wa siku moja. Alimpokea mwali, akamfunda, akampeleka kwa mumewe, na baada ya hapo alikuwa wake maisha yote. Miaka kumi ya ndoa ikipita aliweza kuingia uani bila hodi ndefu, akaketi, akamtazama mwanawe usoni. "Mwanangu, mbona umesinyaa?" Na akishaambiwa alijua kwa kulipeleka. Angemwona shangazi wa mume, au rafiki yake wa barazani, na neno lingemfikia mwenye nyumba likiwa limeshapozwa, bila yeye kuvunjiwa heshima na bila mke kuonekana mlalamishi. Kulikuwa pia na kanga. Mke alikwenda dukani akasoma majina mpaka akaliona lake, akaivaa jioni mume yupo, akapita mbele yake mara mbili. Mume mwenye macho alielewa na kesho yake alirudi na kitu, au alirudi mapema.

Leo tuna kitchen party. Nimehudhuria nyingi na sizidharau. Mama na shangazi wanakuja, bibi harusi anapewa sufuria na majiko, na somo aliyealikwa, mara nyingi ana jina mjini, anashika kipaza sauti na kufundisha mambo mazuri mbele ya watu mia mbili. Saa nne usiku anapokea bahasha yake na kuondoka. Bibi harusi hana namba yake ya simu. Mwaka wa nane wa ndoa, siku atakapohitaji mtu wa kumwambia kwamba amesinyaa, hajui aanzie wapi. Mwenye mdomo wa kupeleka neno hayupo tena, na wanandoa wenyewe hawakufundishwa kuambiana. Hilo ndilo shimo tuliloangukia, na limewakuta watu wapendanao wakiwa hawana kosa.

Mwanamume ana hali mbaya zaidi. Jandoni alifundishwa kutolia. Barazani, kwenye bao na kahawa, ataongea siasa, Simba na Yanga, bei ya mafuta ya boti. Ya kwake ya ndani hayaongei, kwa sababu sitara inamkataza. Sitara ni kitu kikubwa kwetu, nami ninaiheshimu: ya chumbani yasitembee mtaani. Lakini watu wameipeleka mahali ambapo haikukusudiwa. Mume anamsitiria mkewe deni la injini. Mke anamsitiria mumewe maumivu ya mgongo aliyoyapata kwa kuinama kwenye mwani. Wanasitiriana wao kwa wao, mpaka kila mmoja anabaki mgeni wa mwenzake ndani ya chumba kilekile.

Pale Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuna makaburi ya kale, na waongozaji wa wageni huonyesha moja wakisema wamelala humo mume na mke waliofia baharini pamoja. Vijana wanaotoka Dar es Salaam mwishoni mwa wiki hupiga picha hapo. Hadithi zetu za mapenzi nyingi ziko hivyo, zinasifu waliokufa pamoja. Ningependa tuwe na hadithi chache za waliokaa miaka thelathini na bado wanaulizana.

Nini kifanyike basi? Kwanza, somo arudishwe, bila kurudisha vyote vilivyokuwa vikifuatana naye. Wanandoa wakubaliane mapema, hata kabla ya nikahi au kufungishwa kanisani, nani atakuwa na haki ya kuingia na kuuliza. Awe mmoja au wawili, si ukoo mzima, na awe mtu asiyeegemea upande wowote. Mume naye awe na wake. Wachungaji na mashehe wa Bagamoyo ninaowajua wanatumia muda mwingi kwenye ndoa zilizokwisha kuwaka moto. Wangewatembelea waliotulia mara moja kwa mwaka, bila kusubiri kuitwa, wangekuta mengi.

Lakini somo hawezi kufanya yote, na hili la pili ni gumu zaidi: lazima wenyewe wajifunze kuambiana, na lazima waanze na vitu vidogo visivyohitaji fedha. Mtu aliyenyamaza miaka saba akiamka siku moja na kusema "tuna tatizo katika ndoa yetu" anamtisha mwenzake, na aliyetishwa hajibu, anajitetea. Baba Salum ana usiku wa baharini ambao mkewe hajawahi kusimuliwa hata mmoja. Ni wapi aliogopa, nani alimchekesha, taa ilizimika wakafanyaje. Mama Salum ana asubuhi nzima ndani ya maji, na wenzake, na nyimbo, na mwani ulioota vizuri na uliooza kwa joto la maji. Mume hajui hata majina ya anaoongozana nao. Hayo ndiyo ya kuanzia, kwa sababu hayadai kitu. Anayesimulia haombi, na anayesikiliza hana cha kulipa.

Wakati upo, ukiitazama kalenda ya mwezi vizuri. Mwezi ukifika siku ya saba na ya nane, maji ni mafu, bahari haikupwi vya kutosha, na Mama Salum hana safari ya shambani asubuhi. Siku hizohizo mwezi uko juu tangu jioni hadi karibu na usiku wa manane, na hata wavuvi wanaotoka husubiri kwanza uzame. Kwa hiyo kila mwezi kuna jioni mbili tatu ambazo wote wawili wako nyumbani na hakuna anayeamka mapema kukimbilia kazi. Siku hizo redio izimwe. Mume asogeze kiti, au bora ashuke mkekani. Asimulie lake moja la baharini, kisha aulize lile swali ambalo amekuwa akiliogopa: wewe hali yako, mke wangu, wewe mwenyewe, si ya watoto. Huenda asijibiwe jioni ya kwanza. Huenda ya pili mke akalia, na hapo asiingize mkono mfukoni, hata kama hana namna nyingine aliyofundishwa ya kutuliza. Akae palepale, amuulize ilianza lini.